Madumu Manne ya Pikapu ya Njano

Saa tatu asubuhi, Machi 1993, katika gereji moja mjini Arua, Rosa Kiden ameingiza kichwa chini ya boneti ya pikapu kuukuu, na kwa robo saa nzima kinachoonekana hadharani ni mgongo na kandambili zake.

Pikapu ni ya njano, tena njano isiyo na huruma. Milango ni ya njano, rimu ni za njano, na hata kibao kinachobeba betri kimepewa haki yake. Mwenye gari, Jale, mfanyabiashara wa simsim kutoka Koboko, amesimama kando na dumu la maji, mwenye huzuni ya mtu aliyefiwa.

"Natoka Koboko na madumu manne, nafika Arua madumu iko matupu," anasema. "Hii gari iko inakunywa kuliko ng'ombe."

Historia ya ugonjwa ni fupi. Pampu ya maji ya asili, ile inayozungushwa na mkanda, ilikufa mwaka jana na nyingine kama hiyo haikupatikana. Jale akanunua mpakani Vurra pampu ndogo ya umeme, iliyovuka kutoka Zaire bila sanduku wala karatasi ya maelezo. Kazi yake ni kusukuma maji kati ya injini na rejeta. Ikilala, injini inachemka. Nayo hulala inapopenda.

Rosa, ambaye gerejini huitwa Mama Norah kwa jina la mwanawe, ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka mitano hapa gerejini amekuwa akichaji betri, kama sita kwa siku, shilingi mia tano kila moja. Umeme wa magari aliujifunza ng'ambo ya mpaka, Aru, Zaire, ambako familia yake ilikimbilia mwaka 1980 kwa kuwa baba yake alikuwa dereva wa jeshi la utawala ulioangushwa mwaka 1979.

"Nilianza kwa kufagia," anasema. "Halafu kushika tochi. Siku moja fundi iko na malaria na gari iko inangoja. Nikashika waya."

Leo, kwa mara ya kwanza, amekabidhiwa gari zima, baada ya mafundi wawili wanaume kushindwa. Draku, mkuu wa gereji, ametangaza masharti kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Mama Norah, hii gari ifike Koboko bila kuongeza maji. Ikichemka njiani, unarudi kwa betri zako, na sitaki kusikia habari ya spana tena."

"Na isipochemka, mzee?"

"Kwanza ifike."

Rosa anachomoa waya za pampu na kuziunganisha na balbu ndogo ya taa ya nyuma. Balbu inawaka vizuri.

"Moto iko," Draku anatoa hukumu, akimaanisha umeme. "Pampu imekufa. Tupa."

Rosa hatupi. Anaifungua pampu kutoka garini na kuiunganisha moja kwa moja na betri nyingine iliyoko sakafuni. Inanguruma. Mafundi wawili waliotangulia, walioketi juu ya tairi, wanapata ghafla jambo la kutazama upande wa Arua Hill.

Sasa anaweka balbu ya taa kubwa mahali pa ile ndogo. "Ile ndogo inashiba haraka, haisemi ukweli," anaeleza. "Hii inakula kama pampu."

Taa kubwa inatoa wekundu kama kaa linalozimika. Rosa anavuta waya mrefu kutoka upande wa taa wenye waya mweusi hadi kichwa hasi cha betri ya gari. Taa inamulika mpaka Draku anafumba macho. Basi moto unaenda vizuri. Tatizo ni kwamba hauna njia ya kurudi.

Njia ya kurudi ni bolti inayofunga waya mweusi kwenye bodi ya gari. Bolti ni ya njano. Chini yake, njano. Rangi haipitishi umeme.

"Mzee Jale, nani alipaka huku ndani?"

"Mimi mwenyewe. Na brashi yangu."

"Mpaka chini ya bolti?"

"Kila bolti! Nilifungua, nikapaka, nikafunga."

Jale hana wazimu. Gari alilinunua mnadani likiwa kijani cha jeshi, na yeye ni mtoto wa askari wa zamani. Tangu 1979 amejifunza kwamba rangi hiyo mikononi mwa raia huzaa maswali kwenye vizuizi vya barabarani. Alitumia makopo saba.

Rosa anachukua kisu na kukwaruza. Kijani kinachungulia. Jale anaangusha dumu.

"Acha! Mama, unanifunua!"

"Kidogo tu, mzee. Kama ukucha."

"Askari haiangalii ukubwa!"

Kazi inasimama. Bila kukwaruza, pampu italala na Rosa atarudi kwenye betri. Kijani kikionekana, Jale haendeshi.

"Kijani iko juu tu," Rosa anasema taratibu. "Chini yake iko chuma. Chuma haina jeshi."

Anakwaruza kwa kisu, kisha kwa msasa, mpaka chuma kinang'aa cheupe. Jale anakikagua pua ikikaribia kugusa. Anakubali. Rosa anarudisha pampu mahali pake, anakaza bolti na kuipaka grisi kuzuia kutu. Pampu inanguruma.

Saa saba wanaondoka pamoja, madumu manne yakiwa nyuma. Kila kilima Jale anakodolea mshale wa joto.

"Angalia barabara, mzee. Mshale niachie mimi."

Kwenye kizuizi, askari anaagiza boneti ifunguliwe. Jale anatoka jasho la kutosha kujaza rejeta. Askari anainama, anatazama kwa muda mrefu, kisha anainuka na sura ya kukosewa.

"Mzee wa maji, leo hauombi dumu? Nilikuwa nimekuchotea."

Wanafika Koboko saa tisa, madumu yote yamejaa. Siku inayofuata Rosa anarudi Arua na moja kama ushahidi. Draku analifungua, analinusa, hata anaonja.

"Kuna lori pale taa zimekataa," anasema bila kumtazama. "Liangalie."

Rosa ameshaliangalia. Lakini mpango wake uko Koboko, ambako hakuna fundi wa umeme wa magari: kabla ya mwaka kwisha anataka kuweka meza yake kwenye baraza ya duka la Jale. Jale ameahidi kumpakia rangi kibao cha jina kwa nusu kopo la njano lililobaki.

"Kibao apake," Rosa anasema, akifuta grisi vidoleni. "Misumari asiguse."