Salopeti Isiyotiwa Wanga

Mama yangu hakubali mwanaume atoke nyumbani na nguo iliyokunjamana. Sisi wenye asili ya Kasai tunajulikana mji mzima wa Kolwezi, huku Kongo, kwa unadhifu, na yeye ndiye mlinzi wa sifa hiyo. Nilipopewa salopeti mbili mpya, yaani ovaroli za kazini, za kijivu, kabla sijavaa hata moja alishachukua ya kwanza kuitoa harufu ya kiwanda. Ikalala kwenye javeli, yale maji makali ya kung'arisha nguo, ikatiwa wanga wa muhogo, ikapigwa pasi ya mkaa. Ilikuwa ngumu kama ubao.

Nilichemka. Mimi ni mchomeleaji vyuma mgodini; cheche huninyeshea kutwa. Salopeti hizo ni pamba iliyotiwa dawa. Zikiguswa na moto, dawa hugeuza uzi kuwa mkaa, na mkaa huo huufungia moto njia, ukafa pale pale. Sasa javeli huiharibu dawa hiyo, na wanga unaobaki juu ni chakula cha moto. Ngozi yangu ndiyo ingeungua.

"Mama, hii haiko nguo ya misa," nikamwambia.

"Unataka bantu baseme sijue kufula?"

Sibishani na mama kwa maneno matupu. Nilikata kipande cha salopeti aliyoifua, na kingine kwenye pindo la ile iliyokuwa bado ndani ya nailoni, nikawasha kiberiti uani. Kipande chake kilishika moto ukapanda mbio hadi vidoleni mwangu, nikakitupa. Cha pili kiliungua ncha tu, kikawa cheusi, kikazimika. Mama alikiokota, akakigeuzageuza.

Kesho yake nilivaa ile mpya na mikunjo yake yote. Mama aliona aibu, akajifanya anafagia. Mimi nilipita mbele ya majirani kifua mbele.

Wiki hiyo hiyo mpira wa gesi ya kuchomelea ulipasuka, mwali ukanilamba mkono. Nilirudi nyumbani na mkono wa nguo umekuwa mkaa mtupu. Mama alinivua mwenyewe, akanipapasa kutoka kiganjani hadi begani, akarudia. Wekundu kidogo, hakuna hata lengelenge. Akaketi chini, akalia kwa sauti.

Jirani aliyesikia kilio alikuja mbio, akaiona nguo sakafuni, mkono ulioungua umefichwa na mikunjo. "Yo mama! Mutoto wako anaendaka kazi na nguo ya kukunjamana hivi?"

"Muache akunjamane," mama akajibu, bado ameushika mkono wangu. "Mutoto wangu iko muzima."