Jumatano ya Kwanza Sokoni Ibra

Soko la wanawake la Ibra, huku Omani, ni la Jumatano asubuhi, na wanaume hawaingii. Baba alituteremsha mlangoni, mama na mimi binti yao, akabaki garini. "Vitu vyako vikirudi, bibie," alimwambia mama, "iwe mwanzo na mwisho. Watu wasiseme nimeshindwa kukulisha."

Mama alikuwa ametengeneza vitafunio vya kuuza, visheti na vileja, sinia mbili, kama walivyovifanya kwao Unguja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na tangu juzi nilikuwa nimeshafikiria kila balaa: nzi, upepo, lafudhi yetu ya Kiarabu. Lililotokea sikulifikiria.

Mama alitandika mkeka, akafunua sinia, akaweka pembeni chupa ya kahawa na vikombe, maana hajui kukaa na chakula bila kahawa. Akamkaribisha kila aliyepita. Wakaja. Wakavua viatu, wakakaa, wakauliza hali za nyumbani, wakala, wakanywa, wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka, wakamwombea heri, wakaondoka. Hakuna aliyefungua pochi. Nani hulipa alipokaribishwa kahawa?

"Mama, sema bei," nilinong'ona.

"Mgeni ana kikombe mkononi, nimtajie bei? Huna haya?"

Nikawaza kuandika bei kwenye karatasi. Nikaogopa itaonekana tunawafukuza. Nikaogopa pia kunyamaza. Sinia ya pili ikaanza kuonyesha chini.

Jirani yetu pale sokoni, mama wa Kibedui aliyeuza hatamu za ngamia alizosuka mwenyewe, alicheka mpaka barakoa yake ya Kibedui ikamcheza usoni. "Dada, umekuja kuuza au umeozesha binti?" Alipotulia akaonja kileja. "Kwangu kuna arusi. Niletee sinia kama hii Jumatano ijayo. Na bei niambie sasa hivi, kabla hujanimiminia kahawa."

Mama akanitazama. Nikaanza kupanga vikombe. Akavuta ushungi wake, akaitaja bei mwenyewe, macho kwenye mkeka.

"Ghali," alisema jirani. "Lakini haya, nimekubali."

Tulirudi garini na sinia tupu, pesa hatuna.

"Vimekwisha?" baba aliuliza.

"Vyote. Na nimeagizwa vingine vya arusi. Tupitie dukani, unga umebaki kidogo."

Nilijibanza kiti cha nyuma nikingoja aulize mauzo yako wapi. Aliwasha gari, akakohoa, akauliza unga wa kilo ngapi.