Mfuko wa Bwana Shamba

Juzi pale Igowole nilimwona bwana shamba akishuka kwenye pikipiki, mfuko begani, nikajikuta nimemkamata mwanangu mkono kwa nguvu.

Nikiwa bado mtoto, mchana tulipomzika mdogo wangu Tumaini, nyumba ilinuka moshi na makoti yaliyolowa mvua. Kila aliyeingia alimwambia mama, "Pole, dada. Bwana amemtwaa." Mimi nilimjua bwana mmoja tu, bwana shamba, naye alimpenda Tumaini kupita kiasi. Alipofika na mfuko wake, nikamzuia mlangoni.

"Mrudishe Tumaini."

Hakucheka. Alichuchumaa, akanifungulia mfuko. Nilipekua mpaka chini, nikakuta mbegu za mahindi tu.

Sasa najua walimsema Bwana yupi. Huyo hajanifungulia mfuko wake mpaka leo.