Karani aliyemfuta mzee Mboje

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mlango wa ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa pamba, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mjini Bariadi, uko wazi. Ndani hakuna mkulima wala mwenyekiti. Yupo Nyanjige Mwandu peke yake, kanga begani, kandambili amezivua chini ya meza, anaitazama laptop kama mtu anayekamua ng'ombe mwenye tabia ya kurusha teke.

Bando lake la usiku linakwisha saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo anawahi kumalizia somo. Sauti ya mwalimu wake, Januarius, aliyeko Dar es Salaam na ambaye hajawahi kukutana naye uso kwa uso, inatoka kwenye spika ikikwaruza: "Tunachagua safu zote tatu, ndipo tunabofya. Zote tatu, jamani!"

"Hapo," anasema Nyanjige, akigonga meza kwa kidole. "Hilo neno ningelisikia mwaka jana, nisingekuwa na habari ya kukusimulia leo."

Kisha anajirudi. "Hapana, nisimsingizie mwalimu wa watu. Alilisema. Mimi ndiye nilikuwa na haraka ya kuwa mjuzi."

Nyanjige ana miaka arobaini na moja na watoto watatu. Alizaliwa Bukundi, wilayani Meatu, akaishia kidato cha nne, akaolewa huku na dereva wa bodaboda, Sayi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa kando ya mizani msimu wa pamba na kuandika kilo kwenye daftari. Hati yake ni nzuri, na watu walimheshimu kwa hiyo hati.

Kisha agizo likaja kwamba orodha za wakulima wanaopewa mbegu zitumwe kwa kompyuta. Mwenyekiti akaleta laptop, akaitua mezani.

"Akaniambia, 'Haya, Nyanjige, huyu ndiye mwenzako,'" anakumbuka. "Hakuniambia mwenzangu anakula nini."

Akajiandikisha kozi ya utangulizi wa kompyuta kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Ada ilikuwa shilingi laki moja na themanini, zaidi ya mshahara wake wa mwezi, naye akailipa kwa awamu. Sayi alimtania kwamba anakwenda kukaa dawati moja na watoto wa wenzake. Jioni ileile akarudi nyumbani amemnunulia bando.

Somo lililomtoa jasho lilikuwa Excel, ile programu ya majedwali. Mara ya kwanza aliandika barua nzima ndani ya kisanduku kimoja. Siku nyingine kisanduku kikajaa alama za reli, mfululizo, naye akaifunga laptop kwa woga akijua ameiharibu mali ya chama. Kumbe safu ilikuwa nyembamba tu, namba imekosa pa kukaa.

Siku alipojifunza kujumlisha, aliandika fomula moja na ekari za wanachama wote zikajumlishwa kwa mpigo. Kazi hiyo ilikuwa ikimla wiki nzima na kikokotoo cha mkononi. "Nilipiga kigelegele," anasema. "Peke yangu humu ndani. Mpita njia mmoja akachungulia dirishani kuuliza nani kaolewa."

Furaha ile ndiyo iliyomponza.

Zoezi la mwisho wa muhula lilitaka kila mwanafunzi asafishe orodha yoyote iliyo chafu. Wenzake walitumia mifano ya maduka waliyopewa. Nyanjige akaona asipoteze muda kwa duka lisilokuwepo, akatumia orodha halisi ya wanachama, ile aliyokuwa ameinakili kutoka kwenye daftari la karani aliyemtangulia.

Daftari lile lilikuwa na vituko vyake. Karani wa zamani aliandika majina kama watu wanavyoitana njiani: Mabula Mwandu wa kisimani, Shida Mabula mwenye baiskeli, Mboje Masunga mkubwa. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba kisanduku cha jina kibebe jina tu, mapambo yaondoke. Nyanjige akayaondoa yote. Wa kisimani akabaki bila kisima na mwenye baiskeli akashushwa.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta majina yanayojirudia. Programu ikayapaka rangi nyekundu, na yalikuwa mengi. Ikamuuliza ilinganishe safu zipi. Safu ya namba ya uanachama ilikuwa na matundu, maana wazee wengi hawakuwahi kupewa namba, hivyo hakuiwekea tiki. Aliweka tiki kwenye jina na kijiji tu, badala ya safu zote tatu, akabofya. Programu ikajibu kwamba yaliyojirudia yameondolewa. Akahifadhi juu ya faili la zamani, akamtumia mwalimu.

Alipata alama tisini na mbili. Chini yake Januarius aliandika: "Vizuri sana. Orodha safi."

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kosa liko wapi. Katika nyumba nyingi za Kisukuma, mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Mzee Mboje ni mwana wa Masunga. Alipopata mwana, alimwita Masunga, jina la baba yake. Masunga naye alipopata mwana, akamwita Mboje. Kwa hiyo babu ni Mboje Masunga, mjukuu ni Mboje Masunga, kijiji kimoja, chama kimoja, na tangu kijana azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuwachanganya. Mmoja ana mvi, mwingine ana pikipiki.

Orodha ilikuwa imepangwa kwa ukubwa wa mashamba. Mjukuu, mwenye ekari nne, alikuwa juu. Babu, mwenye ekari mbili, alikuwa chini. Programu huacha wa juu na kumwondoa wa chini.

Siku ya kugawa mbegu wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya. Wakulima walijaa uwanjani na magunia yao mkononi, mwenyekiti akisoma majina yaliyochapwa kutoka faili lile.

"Mboje Masunga!"

Walisimama wawili. Watu wakacheka, kwa kuwa babu na mjukuu huku ni watani, na kila mmoja alitaka kusikia nani atamwanza mwenzake.

"Kaa chini, mtoto," mzee alisema. "Wamemwita mwenye jina."

Lakini mstari ule ulikuwa na ekari nne na namba ya simu ya mjukuu. Mwenyekiti akatafuta Mboje wa pili, juu mpaka chini, akageuza karatasi, akatafuta tena.

"Guku, haumo," alisema hatimaye, akimwita babu kwa Kisukuma. "Kompyuta imekukataa."

Kicheko kikakatika. Nyanjige alikuwa amekaa palepale kando ya mizani.

"Nilijua papo hapo," anasema. "Ningesimama nikasema, jamani, ni mimi, mpeni mzee mbegu yake. Sikusimama. Mwenyekiti aliisingizia kompyuta, na mimi nikaiacha isingiziwe."

Mjukuu alitaka kumgawia babu sehemu ya mbegu zake. Mzee alimtazama, akalikunja gunia lake tupu, akalitia kwapani. "Mbegu ya kugawiwa na mtoto siipandi," alisema, akaondoka kwa miguu.

Wengine waliofutwa kimakosa walipiga kelele siku ile mpaka wakapewa kutoka kwenye akiba. Mzee Mboje hakupiga kelele wala hakurudi. Nyanjige alimwingiza kwenye orodha ya nyongeza, lakini mbegu za nyongeza zilifika wakati wa kupanda ukiwa umeshapita, na wenye pamba wakiwa tayari wanapalilia.

Hasara kubwa haikuwa pamba ya mwaka ule. Kwa muda mrefu wanawe walikuwa wakimwambia apumzike, naye akiwajibu kwamba mtu mwenye shamba lake na jina lake chamani hapumzishwi na mtu. Shamba lilipokaa tupu, hoja yao ikapata miguu. Masunga, mwanawe mkubwa, akapeleka ng'ombe na jembe la kukokota, akapanda mahindi ili ardhi isilale bure. Hakuwa na ubaya. Alipomaliza kuvuna, hakuna aliyeuliza shamba ni la nani.

Sasa mzee akitaka sabuni, anaomba.

"Yule mzee ndiye aliyenipokea nilipokuja kuolewa hapa," anasema Nyanjige. "Mama mkwe alikuwa haniamini, ananiona mtoto wa Bukundi nimekuja kula tu. Mzee akapita nikiwa nalima, akasema, 'Huyu anajua jembe.' Basi, nikapata heshima. Neno lake lilinipa kijiji, na mimi nikamlipa hivi."

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Wa Nyanjige anapita mbele yake kila siku ya kikao. Mboje kijana humsalimia kwa adabu, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, na kumuulizia watoto. Hana kinyongo hata chembe, na hilo ndilo linalomtesa. "Angenitukana mara moja ningepona," anasema.

Ilimchukua mpaka mkutano mkuu wa wanachama kupata ujasiri. Alisimama, akasema mbele ya wote: "Kompyuta haikumkataa mtu. Ni mimi niliyebofya." Wachache walipiga makofi. Mwenyekiti alikohoa, akaita ajenda inayofuata. Mzee Mboje hakuwepo kusikia, kwa sababu asiyelima haitwi mkutanoni.

Kwa simu kutoka Dar es Salaam, Januarius anakiri kwamba habari ile, aliyoandikiwa na mwanafunzi wake, ilimkosesha raha. "Darasani kwangu jina likijirudia ni uchafu. Sikuwaza kwamba kuna mahali ni heshima," anasema. "Zile alama tisini na mbili nilizompa, siku hizi zinaniuma na mimi."

Nyanjige angeweza kuishia hapo na cheti chake. Aliendelea na hatua ya pili ya kozi, ndiyo inayomtoa kitandani alfajiri. Amempa kila mwanachama namba yake. Ameongeza safu aliyoiita "Anajulikana kama", na humo mapambo yote yamerudi. Mabula amepata kisima chake. Shida ameshauza baiskeli, lakini ameomba aachwe hivyohivyo.

Programu bado inayapaka majina rangi nyekundu. Yeye anayaacha yang'ae.

Saa nne asubuhi anafunga ofisi, anapanda pikipiki ya Sayi hadi kwa mzee Mboje. Wanamkuta kando ya zizi, anasokota kamba ya katani juu ya paja lake. Ng'ombe wamekwenda malishoni, zizi ni tupu.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola." Nyanjige anajibu kwamba ni kwema, akichuchumaa. "Guku, nimekuja kukuandika. Usajili wa mbegu unafungwa Ijumaa. Nimekuwekea mstari wako peke yako, na namba yako."

Mzee anaendelea kusokota. "Mboje Masunga si yumo?"

"Yumo mjukuu wako."

"Basi yumo. Analima vizuri, nimepita nikaona." Anaivuta kamba kupima nguvu yake. "Kumbe ile mashine yako ilikuwa imeona mbali."

Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja kwamba jua limepanda. Sayi anageuka kuangalia tairi la pikipiki ambalo halina tatizo lolote.

"Haikuona kitu, guku. Ni mimi nilikosea."

"Niliambiwa. Umekuja mara ngapi kuniambia? Yameisha." Anacheka kidogo. "Sasa utaniandika nalima wapi, mayu? Kitandani?"

Nyanjige hacheki. Anamwambia kwamba nyuma ya nyumba yake kuna ekari moja aliyoinunua mwenyewe kwa fedha za mizani, si ya Sayi wala ya ukoo. Alime hiyo. Avune mwenyewe, auze kwa jina lake.

Vidole vya mzee vimesimama juu ya kamba, na kwa muda kidogo inaonekana kama atasema ndiyo. Kisha anavirudisha kazini.

"Nenda ofisini, mayu. Watu wanakusubiri."

Nyanjige anarudi. Ofisini anafungua laptop, anashuka mpaka mstari wa Mboje Masunga wa pili. Jina lipo. Namba ipo. Kwenye safu ya "Anajulikana kama" ameandika "mkubwa". Kisanduku cha ekari kiko wazi.

"Nitarudi Alhamisi," anasema. "Kesho naanza kuisafisha ile ekari kwa mkono wangu, ili nikienda kwake nisiwe na la kusema ila twende ukaone. Pengine atakuja. Ni mkulima yule, akiona ardhi imelimika hawezi kuipa mgongo."

Na akikataa?

Anaweka kidole juu ya kisanduku kile.

"Akikataa, mstari wake utakaa hivyohivyo, mtupu, mwaka huu na mwaka kesho. Ila mimi siufuti tena."