Epoleti Mabegani Mwangu

Kila nikinusa wanga wa muhogo chini ya pasi ya makaa, namwona mama kwetu Alunguli. Alikuwa akifulia askari nguo. Kabla ya kuloweka shati alitoa epoleti, vile vitambaa vya mabegani vyenye nyota, akaziweka kwenye kibakuli.

Asubuhi moja komanda alikuja kuchukua shati lake, amevaa singileti tu, ile fulana ya ndani. Koko, mama mzazi wa mama, alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Komanda akamsukuma kwa mguu, majani yakamwagika.

"Toka njiani! Haujue mimi ni mukubwa hapa?"

Mama alitua pasi. Alichukua epoleti za komanda kibakulini akaziweka juu ya mabega yangu, mimi mtoto wa miaka saba.

"Mukubwa njo huyu," akasema akininyooshea kidole. "Shati iko tayari. Omba koko musamaha kwanza."

Majirani waliacha kutwanga. Komanda alitazama mabega yangu, kisha yake matupu. Akainama, akaokota majani ya sombe moja moja.

"Unisamehe, mama," akamwambia koko.

Hadi leo, mwenye nyota mabegani akinifokea, mimi namwona amevaa singileti.