Blanketi la Kukhu

Nyanya yangu, kukhu kama tunavyosema kwetu Bungoma, ndiye aliyenilea huko Chwele, mahali ambapo baridi ya mlima inaingia hadi mifupani. Alikuwa na blanketi moja tu, limechakaa kama gunia la mahindi. Mimi nafundisha Kiingereza Kitale, na nalala chini ya mawili. Hebu niambie usingizi huo ungekuwaje mtamu.

Kwetu, msichana akiolewa, upande wa mume huja na blanketi la kumpa nyanya ya msichana. Wakija bila hilo, heri wasije kabisa. Na mimi nilikuwa nikiishi na mwanamume Kitale kwa miaka mingi, na kwetu hajakanyaga. Nikimuuliza, ananiambia si tungoje tuvune kwanza. Mahindi yakavunwa, yakauzwa, yakapandwa tena. Ati tungoje.

Nikachoka, nikanunua blanketi mwenyewe, zito, la rangi ya damu ya mzee, nikampelekea kukhu. Ili kumlainisha nikamwambia niliyosoma kwenye kamusi, kwamba neno blanketi Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na mwanzoni lilikuwa na maana ya kitambaa cheupe tu, sufu ambayo haijatiwa rangi.

"Nyeupe?" akauliza. "Na matope yote haya? Hao watu nani alikuwa anawafulia?"

Tukacheka. Akalipapasa, akalinusa, kisha akalikunja vizuri na kuniwekea mapajani.

"Rudi nayo, mama. Mimi nangoja ya wenyewe."

Nilikasirika. Kamusi yote ile nene ilieleza rangi na sufu, lakini haikujua nani anapaswa kulileta. Nikalirudisha Kitale, nikawa najifunika mimi. Kila mvua iliponyesha usiku nilimwona kukhu akilini, amejikunyata kule Chwele. Nilitamani alichukue kuliko nilivyotamani hiyo ndoa yenyewe.

Mwezi uliopita yule mwanamume alioa kwingine, huko mjini Kwanza. Nikashuka Chwele, nikamwambia nyanya wazi, "Kukhu, hawatakuja."

Akachochea moto. Hakumtukana, wala hakuniuliza nilikosa nini. Baadaye akasema, "Basi niletee ile yako."

Nilimpelekea Jumamosi iliyofuata. Alijifunika pale pale hadi kidevuni, akasema ina joto. Nikakaa kando yake, nikitamani sana alikatae.