Zamu ya Temeke

Nakumbuka Jumamosi moja tulitoka kwenye ukumbi wa shule moja pale Tabata, watoto sita wa kidato cha pili, midomo inatucheza kama watu wanaosoma dua. Hatukuwa tunasoma dua, mwanangu. Tulikuwa tumebeba maswali.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana jana ulipokuja na simu yako ukanionyesha picha za karatasi ya mashindano ya hesabu, ukasema, "Mama, naitupia kwenye magrupu yote ya walimu, watoto wafaidike," nikakwambia subiri, ulinuna. Ukanywa chai yangu na vitumbua vyangu vitatu umenuna vilevile. Mwalimu mzima, niliyekufundisha mwenyewe! Haya, sababu ya ile subiri ndiyo hii.

Sie wa Kipawa enzi hizo shule yetu haikuwa na kitu. Ndege ikipita juu ya bati, mwalimu ananyamaza, chaki mkononi, anasubiri ipite ndipo amalizie sentensi. Vitabu tulisoma wanne wanne. Karatasi za mitihani iliyopita tulikuwa tunazisikia tu, kwamba shule za mjini wanazo kabati zima. Ndiyo maana mashindano ya Mwalimu Mbawala yalikuwa sikukuu kwetu. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa Tabata, mrefu, mkali wa macho lakini mpole wa mdomo, na kila swali alilitunga mwenyewe barazani kwake, akalidurufu kwa mashine ya mkono mpaka vidole vikabaki vyeusi wiki nzima. Ukumbi ulikuwa mdogo, kwa hiyo shule za huku kwetu, Tabata, Kipawa na Ukonga, zilifanya Jumamosi ya kwanza, na shule za Temeke Jumamosi iliyofuata. Karatasi ni ile ile moja. Mzee hakuwa na nguvu ya kutunga mbili. Ndiyo sababu ukimaliza anaikusanya, hata ile uliyochorachora hesabu zako pembeni.

Na zawadi haikuwa madaftari. Msichana atakayeongoza pande zote mbili angesomeshwa bweni mpaka kidato cha sita, wafadhili wanalipa kila kitu. Kwa mtoto wa kike wa mitaa yetu, hayo yalikuwa maisha.

Sasa kubeba ni hivi. Maswali thelathini, watu sita, kila mtu anakariri matano. Mpango ulikuwa wangu, Somoe mie, kwa mdomo wangu huu huu. Ukitoka ukumbini husemi na mtu, hucheki, husalimii, mpaka uyatue. Tukatembea Tabata mpaka Kipawa kama mabubu. Mwenzetu Asha alikutana na shangazi yake njiani, akashindwa kutoa shikamoo kwa sababu mdomoni ana swali la pembetatu. Kofi alilokula! Alilia huku anakariri, jamani, na swali halikudondoka hata namba moja.

Tuliyatua uani kwetu. Baba alikuwa fundi wa vinyago na vigoda, mtu wa Newala, ua wetu wote maranda ya mbao. Tukakaa juu ya vigoda ambavyo havijapigwa msasa, mmoja anasoma kichwani, mie naandika. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbao mbichi nazisikia sauti za wenzangu wale, na moyo unanienda mbio kwa raha. Yalitimia yote thelathini. Tulipiga vigelegele mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani kaposwa.

Basi nikanogewa. Nikayajibu yote, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wangu mzuri, chini nikaandika kwa herufi kubwa: IMEANDALIWA NA SOMOE. Kama nyie mnavyobandika majina na namba zenu za simu kila ukurasa, usicheke.

Asha akaniuliza, shavu bado limevimba, "We Somoe, si wa Temeke bado hawajafanya?"

Nikamjibu, "Aa, Temeke mbali bwana. Nani atazipeleka huko?"

Mwanangu, kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sikujua. Ni uongo. Nilijua. Nilikuwa nimeshanogewa na jina langu.

Jumatatu mwenye duka la fotokopi alinisaidia, nikabandika moja kwenye ukuta wake na nyingine nikagawa bure. Sikuuza hata moja, na hilo nililitumia kujisafisha kwa muda mrefu sana. Watu walinisifu mtaani. Walimu wetu wenyewe walinakili. Siku tatu tu, karatasi ilikuwa imeshavuka, iko Temeke.

Jumamosi yao ilipofika wakafanya. Mzee Mbawala akasahihisha, akafika swali la kumi na saba, akaweka kalamu chini. Swali lilikuwa hivi: bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, la pili linalijaza kwa saa sita, yakifunguliwa yote mawili kwa pamoja, tangi litajaa kwa muda gani? Mie kwa haraka zangu nilijumlisha nikagawa kwa mbili, nikapata saa nne na nusu. Upuuzi mtupu, maana bomba la kwanza peke yake linamaliza kwa tatu! Watoto kumi na mmoja wa Temeke waliandika saa nne na nusu, kwa maneno yangu yale yale.

Kamati ya mashindano ikafuta matokeo yote ya Temeke. Yote, aliyenakili na asiyenakili. Ushindi ukabaki huku kwetu, na msichana aliyeongoza huku alikuwa mie.

Nyumbani ilipikwa pilau. Siku ya pili yake, alasiri, Mzee Mbawala akaja na bahasha. Akasalimiana na baba, akakalia kigoda, akanitolea karatasi ya majibu na kalamu nyekundu.

"Sahihisha," akaniambia.

Juu pameandikwa jina: Rehema, shule moja ya Temeke. Nikasahihisha. Nilipofika la kumi na saba nikakuta kachora tangi dogo, pembeni kaandika: kwa saa sita bomba la kwanza litajaza matangi mawili, la pili litajaza moja, jumla matatu; basi tangi moja ni saa mbili. Hakuna kanuni, hakuna mbwembwe. Sikuwahi kuona hesabu imenyooka namna ile. Alipata yote thelathini. Mie nilikuwa nimepata ishirini na nane.

"Huyu hakunakili, Mwalimu," nikasema.

"Mie najua, na wewe sasa unajua. Kamati wanasema huenda aliiona akasahihisha kosa. Nitawathibitishiaje?" "Sikukatazi kugawa, binti. Maswali nayatunga ili yasomwe, sitaki kuzikwa nayo. Lakini ulijifungulia mlango wewe wa zamu ya kwanza, ukamfungia wa zamu ya mwisho. Ungengoja siku tano tu, ukaja ukaniuliza, ningekupa karatasi mwenyewe, ukazibandike mpaka Mbagala."

Baba alikuwa anapiga msasa, lakini mahali pamoja tu, hapo hapo, mpaka mbao ikabonyea.

Nilikwenda kwa kamati na baba, nikakiri. Wakasema limekwisha, wametangaza, hawarudi nyuma. Unataka kujua kama niliikataa ile nafasi? Sikuikataa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mama yangu alikuwa ameshanishonea sare. Nilikwenda bweni, nikasoma, nikawa mwalimu, nikakufundisha na wewe. Chai unayoinywa hapa kwangu inatokana na nafasi ile.

Rehema nilimtafuta nilipoanza kazi. Aibu ilinichelewesha, sina sababu nyingine. Nilimkuta Temeke, mtaa wa nyuma ya soko, ana cherehani na mtoto mgongoni. Aliishia kidato cha nne. Nikajieleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, nikampa ile karatasi yake ya majibu ambayo Mzee alikuwa ameniachia. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa nastahili.

Aliipokea, akaishika kwa ncha za vidole. Akaniuliza, "Lile la matangi, nililipata?"

Hawakuwahi kumwambia, mwanangu. Matokeo yalifutwa, karatasi hazikurudi. Miaka yote ile alikuwa hajui kama alipata.

Nikamwambia, "Ulipata yote, dada. Yote thelathini." Akacheka, akafunika uso kwa khanga, akalia. Na mie nikalia. Kisha akanikaribisha ndani, akanipa maji.

Kwa hiyo sikiliza. Wewe mwenyewe uliniambia jana kwamba kuna wilaya bado haijafanya, itafanya Jumamosi hii. Basi zifiche hizo picha kwenye simu yako, usimpe hata rafiki yako mmoja wa karibu, maana wa karibu naye ana wa karibu yake. Jumapili mpigie aliyetunga, umuulize kama anaridhia, kwa sababu ile ni jasho lake. Akikataa, nyamaza, huenda mwakani anataka kuyatumia tena maswali yake. Akikubali, zigawe wazi, kila mahali, kwa shule isiyo na kitu kwanza. Usije ukaziweka kabatini ili wanafunzi wako peke yao wang'are, huo nao ni wizi, sema tu haupigi kelele. Jina lake liweke juu. Lako kama una haja nalo sana, liweke chini, dogo. Na majibu yahakiki kabla hujayatoa, nisije nikakuta matangi yako nayo yanajaa kwa saa nne na nusu.

Ile njia ya Rehema nimeifundisha darasani mpaka nimestaafu, na wewe ulifundishwa nayo. Nilikuwa nawaambia iandikeni hivyo hivyo, "njia ya Rehema," mkadhani ni jina la kwenye kitabu. Sasa unajua ni nani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe ushindi usiokufanya uogope kupita mtaa wa mtu. Akupe wanafunzi wanaokuzidi akili, na moyo wa kufurahi wakikuzidi. Na kila mtoto wa zamu ya mwisho, Mola amkutanishe na swali lake likiwa bado jipya, na awepo wa kumwambia siku ile ile kwamba amepata.